Wiki ya vitabu vinne na swali moja: kesho ya pwani yetu huandikwa na nani?

#1 Bi Mapokezi (Malindi)

Hamjambo nyote. Nafanya kazi ya mapokezi katika nyumba ya wageni hapa Malindi, na kusi likishika wageni huadimika hadi zikapita siku ambazo funguo zote zinaning'inia ubaoni. Wiki iliyopita ilikuwa ya namna hiyo, nami nikasoma vitabu vinne.

Jumatatu na Jumanne nilikuwa na Kisima cha Giningi cha Muhammed Said Abdulla. Nilikisoma nikiwa shuleni, na sasa nimegundua kwamba wakati ule sikukielewa hata nusu, kwa sababu nilikuwa nakimbilia kumjua mkosaji, ilhali safari hii nilimtazama Bwana Msa anavyonyamaza na kiko chake huku wenzake wakijichosha kwa maneno. Jumatano nilisoma utenzi wa Al-Inkishafi kwa sauti, ubeti baada ya ubeti, maana hapakuwa na mtu wa kunishangaa. Alhamisi nilimaliza Kusadikika.

Ijumaa nilifungua droo ya chumba cha ghorofani nikakuta riwaya ya Kiitaliano iliyoachwa na mgeni. Haina jalada wala ukurasa wa jina, kurasa zake zimegandana kwa mafuta ya kujipaka juani, na ukiifungua sana mchanga humwagika kutoka kwenye mshono. Kiitaliano nilijifunza papo hapo mapokezi, mwaka baada ya mwaka, kwa hiyo nilidhani ingenichukua mwezi. Niliimaliza Jumapili alfajiri.

Kisa chake kiko zaidi ya miaka mia moja mbele. Kuna mji wa bandari ambako maji ya kunywa hugawiwa na mashine, na mashine humpimia kila mtu kwa kukisia siku alizobakiwa nazo duniani. Karani mmoja wa kike anafungua daftari la mgao asubuhi, anaona namba yake imepangiwa maji hadi Alhamisi tu. Kuanzia hapo ni mbio mtindo mmoja. Jumamosi usiku umeme ulipotea, nikaendelea kwa tochi ya simu, na kila tangi la darini lilipodondosha tone nilishtuka.

Lakini katikati ya kitabu kuna sentensi iliyonifanya nikiweke chini. Meli ya wakimbizi inakata Bahari ya Hindi, na mwandishi anasema, kwa nusu mstari, kwamba pwani ya Afrika Mashariki ilikuwa imekwisha kumezwa na maji na watu wake wametawanyika. Basi. Meli inaendelea na safari. Mimi nilikuwa nimekaa hatua kama mia tatu kutoka baharini, nayasikia mawimbi ya kusi yakipiga, nikaisoma sentensi ile mara tatu.

Madai yangu ni haya, na mnikosoe: Kiswahili kina mashujaa wa jana na wapelelezi wa leo, lakini hakina riwaya ya kusisimua ya wakati ujao, ndiyo maana kesho yetu inaandikwa na watu wanaotupita kwa meli. Kwa nini iwe hivyo?

#2 Muuza Vitabu Kuukuu

Karibu dada. Vitabu vya Kiitaliano hunijia kwa magunia kila wenye nyumba wanapofunga msimu, na hicho chako nimejaribu kukifikiria nikashindwa, maana kitabu kisicho na jalada ni sawa na kumtafuta mtu kwa kivuli chake. Tueleze karani anaitwa nani. Na vitabu vinne kwa wiki! Mwajiri wako asije akajua kwamba anakulipa mshahara wa kusoma.

#3 Mwalimu wa Barani

Bi Mapokezi, nimefurahi kusoma maelezo yako, lakini madai yana kasoro, na ni vizuri tuirekebishe kabla hatujajenga juu yake. Riwaya za namna hiyo zipo. Katama Mkangi, mwana wa Kilifi yetu hii, aliandika Walenisi mwaka 1995. Ndani yake Dzombo anahukumiwa kifo, anafungiwa katika chombo cha kurushwa angani, naye badala ya kuangamia anatua katika sayari ambayo watu wake wanaishi kwa haki. Litamke jina la sayari hiyo polepole utasikia maneno matatu: wale ni sisi. Euphrase Kezilahabi aliandika Mzingile mwaka 1991, ambamo tunatembezwa katika dunia iliyokwisha kuangamizwa. Kyallo Wadi Wamitila naye alitoa Bina-Adamu! mwaka 2002, akamzungusha msafiri asiye na jina katika mabara akimsaka mtu aitwaye P.P.

Hata Kusadikika uliyoimaliza Alhamisi ni nchi inayoelea hewani. Shaaban Robert aliichapisha mwaka 1951, miaka kumi kabla binadamu wa kwanza hajafika angani. Soma tena wajumbe sita wanaosimuliwa na Karama mbele ya baraza: mmoja alitumwa mbinguni, mwingine ardhini. Kama hiyo si safari ya kubuni ulimwengu mwingine, basi sijui ni nini.

#4 Kijana wa Muyeye

Shikamoo mwalimu. Nakubaliana nawe kwamba vitabu hivyo vipo, ila nadhani havijibu swali la dada. Walenisi nimeisoma chuoni na ninaipenda, lakini haikuninyima usingizi. Ni fumbo, na katika fumbo msomaji huambiwa mapema kwamba sayari ile ni sisi wenyewe, kazi yake ikabaki kulinganisha. Riwaya ya kusisimua haikuruhusu kujua lolote hadi mlango ufunguliwe. Dada alisema riwaya ya kusisimua ya wakati ujao, na hayo mawili kwa pamoja bado sijayaona.

Maoni yangu ni kwamba kikwazo ni msamiati. Kile kioo cha kubeba mkononi vitabuni kinaitwa kishikwambi, lakini sijamsikia abiria akikiita hivyo ndani ya matatu ya Mombasa. Akili ya mashine ina majina matatu, akili bandia, akili unde na akili mnemba, na kila ukilitumia moja yuko msomaji atakayekuuliza kwa nini hukutumia jingine. Mhusika anayekimbizwa hana nafasi ya kusimama amfafanulie msomaji neno.

#5 Maalim wa Shela

Naandika kutoka Shela yetu ya Malindi, si ile ya Lamu. Mimi naona sababu iko mbali zaidi ya msamiati. Sisi watu wa pwani tumelelewa kwamba kesho haitoki kinywani bila inshallah. Marehemu babu yangu alikuwa hata akipanga kupaka nyumba chokaa baada ya mvua hasemi nitapaka, husema Mungu akipenda tutaona. Sidai kwamba dini inakataza kubuni, kwani hadithi za majini na visiwa visivyoonekana tumekuwa nazo tangu kale. Ninachosema ni kwamba ulimi uliolelewa hivyo husita unapofika kwenye kiambishi -ta-, na riwaya nzima ya -ta- ingetutia wasiwasi sote, mwandishi na msomaji.

#6 Bi Mapokezi

Ahsanteni. Mwalimu, nakiri kosa, nimeliandika jina la Walenisi kwenye kikaratasi nikakibandika kando ya simu ya mapokezi. Muuza Vitabu, karani hana jina. Katika mji ule watu huitwa kwa namba za mgao wao wa maji, na hilo ndilo lililonitisha kuliko bastola zote zilizomo.

Maalim, nimelitafakari lako usiku kucha. Nilirudi kitabuni nikatazama vitenzi, nikakuta simulizi yote iko katika wakati uliopita. Mwandishi amekwenda kusimama kesho kutwa, akageuka, akaitazama kesho kama mtu anayekumbuka. Kwa Kiswahili ingekuwa "alifungua daftari akaona namba yake", wala hatuhitaji "atafungua". Pengine kusita huko kupo, lakini sarufi haitulazimishi kusita.

#7 Nahodha wa Ngomeni

Nami kwa heshima naomba kumpinga Maalim. Baharini hakuna siku isiyohesabiwa. Wazee wetu walihesabu miongo kuanzia siku ya mwaka, kumi baada ya kumi, wakajua kaskazi itaingia lini, lini bahari itafungwa, lini jahazi lipandishwe pwani lipakwe sifa, yale mafuta ya papa. Inshallah ilikuwapo, na hesabu ilikuwapo pia. Mtu asiyeweza kufikiri miezi sita mbele hakuwa akipewa chombo.

Na kama tunazungumzia wakati ujao, mimi ni mtu wa Ngomeni, na wakati ujao nilizaliwa nikauona umesimama baharini kwa miguu ya chuma. Yale majukwaa ya Waitaliano ndiko roketi zilikorushwa. Baba alikuwa akisimulia jinsi wavuvi walivyoambiwa wakae mbali, wakatweka wakasubiri, na ghafla maji yote yakawa meupe kwa mwanga. Ya kwanza ilikuwa ile ya Desemba 1970, iliyobeba setilaiti ikaitwa Uhuru. Sasa niambieni, kijiji gani kingine cha Waswahili kimepata kisa kama hicho mlangoni? Na bado hakuna aliyekiandikia riwaya.

#8 Kijana wa Muyeye

Nahodha, simulizi ya baba yako inapendeza, ila tarehe nairekebisha kidogo. Setilaiti ya kwanza kurushwa kutoka San Marco, hilo jukwaa la Waitaliano, ilikuwa San Marco 2, tarehe 26 Aprili 1967. Uhuru ilifuata tarehe 12 Desemba 1970, siku ambayo Kenya ilitimiza miaka saba ya uhuru, ndiyo sababu ya jina. Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani kutengenezwa mahususi kwa kuchunguza miale ya eksirei inayotoka kwenye nyota na vitu vingine vya angani. Roketi ya mwisho iliondoka mwaka 1988. Setilaiti yetu Taifa-1, tarehe 15 Aprili 2023, ilirushwa kutoka California.

Hapa nabadili kidogo msimamo wangu wa #4. Kwa miaka 21 roketi zilipaa mbele ya macho yetu, na neno roketi kila mvuvi analo. Msamiati basi haukukosekana, kilichokosekana ni mtu wa kwetu ndani ya chumba cha kubonyeza vitufe. Riwaya ya kusisimua humtaka mhusika anayeweza kuizuia roketi au kuirusha. Aliyeambiwa akae mbali na mashua yake anaweza kuwa shahidi tu.

#9 Shangazi wa Langoni (Lamu)

Wanangu, nimewafuatilia tangu #1 na nimeona hamjagusa linaloniuma. Mnasema kesho yetu haijaandikwa. Imeandikwa sana, ila haikuandikwa kama riwaya. Sisi Lamu tuliletewa kesho kwenye karatasi: ramani ya bandari yenye gati 32, barabara, reli, bomba la mafuta. Gati la kwanza lilianza kazi Mei 2021. Uliletwa pia mpango wa mtambo wa umeme wa makaa ya mawe kule Kwasasi, na ilipofika Juni 2019 baraza la rufaa za mazingira likaifuta leseni yake kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo.

Mimi nilikaa barazani kwangu nikaisoma tathmini ya mtambo ule, miwani puani na kamusi pajani, na nawaambia kwamba sijapata kusoma maandishi ya wakati ujao yanayotisha kuliko yale. Palikuwa na jedwali la moshi. Palikuwa na maji ya bahari yatakayorudishwa baharini yakiwa ya moto. Wavuvi walikuwamo, ila kama idadi, mfano wa yule karani wa namba wa Bi Mapokezi. Ndiyo maana mimi sishangai vijana wetu hawaandiki kesho ya kubuni. Wanaiona iko ofisini, imepigwa mhuri, na kazi iliyobaki ni kuipinga au kuiombea kazi ya ulinzi.

#10 Mhariri wa Zamani

Nimewahi kuhariri vitabu Nairobi, na naomba niongeze sababu ambayo si ya falsafa hata kidogo. Kwa mchapishaji, riwaya ya Kiswahili huishi ikiteuliwa kutahiniwa shuleni. Kidagaa Kimemwozea ilisomwa na kila mwanafunzi wa sekondari kwa sababu ilitahiniwa, na Chozi la Heri ikaja baada yake. Mwandishi anayeandika huku jicho moja liko kwenye uteuzi huo hutafuta maudhui yatakayoulizwa swali: ufisadi, elimu, ndoa, uongozi. Msisimko hauna alama kwenye karatasi ya mtihani. Niliwahi kuletewa mswada wa kisa cha mbele kabisa, mji wa pwani na mashine zake, umeandikwa kwa Kiswahili kinachotiririka, na mkutano mzima wa kuujadili ulichukua muda wa kikombe kimoja cha chai. Swali lilikuwa moja tu: darasa gani?

#11 Muuza Vitabu Kuukuu

Mhariri, nakuheshimu lakini meza yangu inashuhudia tofauti. Kufa na Kupona ya Elvis Musiba ilitoka mwaka 1974, na mpelelezi wake Willy Gamba hunijia amechakaa hadi mshono, kurasa zimeandikwa majina ya wasomaji watano sita. Joram Kiango wa Ben Mtobwa vivyo hivyo. Hao walisomwa kwa hamu, si kwa mtihani. Vitabu vya shule ndivyo hunijia vikiwa safi, vina penseli sura ya kwanza na ya pili, kisha weupe hadi mwisho. Soko la kusisimuliwa lipo. Mtu akiniletea Willy Gamba wa mwaka 2150 atakayeshuka stendi ya Malindi, nitamuuza kabla ya adhuhuri.

#12 Mama Kibokoni

Samahanini kwa kuingilia kati ya wasomi. Binti yangu wa darasa la saba aliandika insha ya siku ambayo Malindi haina tena wavuvi, samaki wanafugwa katika majengo marefu, na mvulana mmoja anaiba samaki hai usiku ili akamrudishe baharini. Nilipoisoma nililia. Ilirudi na alama kumi na mbili kwa arobaini, na kando yake kwa wino mwekundu: "Kisa hakiwezekani." Simtaji mwalimu wala shule. Lakini mtoto huyo hajaandika kitu cha kubuni tangu siku ile, sasa huandika insha ya methali kama wenzake na hupata thelathini na tatu. Mkitafuta sababu, na hiyo iwekeni.

#13 Mwalimu wa Barani

Mama Kibokoni, limenigusa hilo, nami nimesahihisha insha kwa miaka mingi na sina hakika kama sijawahi kumfanyia mtoto hivyo. Insha hiyo ihifadhi, tafadhali usiitupe.

Shangazi, hoja yako ya #9 ni nzito kuliko zote, lakini haiondoi ya Mhariri, na ya Mhariri haijibu ya Muuza Vitabu. Labda tunaulizana maswali matatu kwa jina moja.

#14 Nahodha wa Ngomeni

Ahsante kwa marekebisho ya #8, mwanangu, nimeyapokea. Ila kuna marekebisho mengine, na hayo ni ya yule mwandishi wa Kiitaliano. Amesema bahari imeimeza pwani yote. Angekuja Malindi akaulize. Hapa mto Sabaki humwaga udongo mwekundu kutoka bara, na udongo huo umeusukuma ufuo nje mwaka hadi mwaka, hadi hoteli zilizojengwa kandokando ya maji sasa mgeni hutembea kitambo kabla hajalowa miguu. Sisemi bahari haipandi. Nasema kila ghuba ina kisa chake, na mtu asiyejua tofauti ya Malindi na Ngomeni hawezi kuandika nusu mstari wa kweli kutuhusu.

#15 Maalim wa Shela

Nahodha amenipinga kwa adabu, nami sitasisitiza sarufi tena. Lakini nitazameni Al-Inkishafi, ambayo dada aliisoma Jumatano na hakuna aliyeigusa tangu #1. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir anatuonyesha majumba ya Pate yaliyokuwa na taa na watu wa fahari, sasa yana popo na buibui. Anauambia moyo wake: tazama, na wewe ndiko uendako. Hiyo ni kesho iliyoandikwa kwa kutumia magofu ya jana. Mtaliano alihitaji miaka mia moja mbele kutuonyesha mji uliokufa. Sisi tuna Gede, mwendo mfupi kutoka hapa, iliyohamwa katika karne ya 17, na miongoni mwa sababu zinazotajwa ni maji ya visima kushuka. Kisima kimoja pale, karibu na msikiti mkuu, kilichimbwa tena kikaongezwa kina. Mji, maji, mgao. Mimi naona kisa cha kitabu kile tunacho chini ya mibuyu.

#16 Kijana wa Muyeye

Maalim, hapo umenifungua macho, ingawa bado nang'ang'ania jambo moja. Kutoka kwa magofu tunajua mwisho kabla ya kuanza. Yule karani alikuwa na hadi Alhamisi, na msomaji hakujua kama Alhamisi itafika. Ni nani aliyechimba kile kisima mara ya pili, na alikuwa amebakiwa na siku ngapi? Ukiniandikia huyo, nitakesha.

#17 Bi Mapokezi

Nimesoma yote tena kuanzia juu. Nilikuja na sababu moja kichwani, sasa ninazo kama saba na hakuna ninayoweza kuitupa, ila ya Shangazi na ya Mama Kibokoni ndizo ninazokwenda nazo kulala. Kijana, swali lako la kisima nimeliandika nyuma ya kile kikaratasi cha Walenisi.

Muuza Vitabu, nitapita mezani kwako Jumamosi baada ya zamu. Kama una nakala ya Walenisi, hata iliyopigwa na ukungu, niwekee, nami nitakuletea hii ya Kiitaliano uisome kabla hujaiuza. Kurasa tatu za mwisho zimelegea na nimezibana kwa kibanio cha nguo, zigeuze taratibu. Mama Kibokoni, ukiweza kuja na insha ya binti, ningependa kuisoma. Tuko wawili sasa zamu ya usiku, na mwenzangu naye ameanza kuuliza ninasoma nini.

#18 Mama Kibokoni

Nitakuja naye mwenyewe.